Gesti ya Lushoto inayopokea mbwa: maoni ya mbwa mwenyewe

Naitwa Watasema. Jina alinipa Mama Neema kipindi walipojenga ukuta na majirani wakawa na maneno. Ni mbwa wa kienyeji, kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Naishi Kimara, Dar es Salaam, nyuma ya geti lenye kibao cha MBWA MKALI. Anayesemwa pale ni mimi. Ukali wenyewe hauvuki wazoa taka na yule kijana wa bodaboda anayeleta mizigo ya Mama, lakini kibao kilishalipiwa, kitabaki.

Mimi nasimulia, Neema anaandika kwa simu ya mama yake. Ana ubishi, ila ndiye mwenye vidole.

Likizo ya Juni tulikwenda Lushoto. Baba alikuwa ameona tangazo la gesti moja nje kidogo ya mji, limeandikwa "familia na mbwa wanakaribishwa". Jina lake silitaji. Mabango siyasomi, nasoma nguzo zake. Nitayasema ya mle ndani, ila nianze na njia, kwa sababu mbwa aliyefika hoi hata umpeleke ikulu ataiona chafu.

Kondakta wa basi la mkoani akiniona hutikisa kichwa kabla Baba hajafungua mdomo, kwa hiyo tulipanda Noah yetu, mimi nyuma kati ya begi la nguo na dumu la maji. Asubuhi ile sikupewa chakula. Daktari wa mifugo alishamwambia Mama kwamba mbwa wa safari akae saa kadhaa bila kula kabla ya kuondoka, apewe maji tu. Ushauri mbaya kwa tumbo, mzuri kwa zulia la gari.

Kwenye vijiji vya mwendo wa 50, Baba akikanyaga breki kwa kuogopa tochi za trafiki, ndipo nilipofaidi. Kila harufu inaingia kivyake: mahindi ya kuchoma, beberu, mkaa mbichi, mtu aliyeficha samaki kwenye mkoba. Mwendo ukipanda vinavurugika vyote. Wataalamu wanasema binadamu ana vipokezi vya harufu milioni kama sita puani, na mbwa anafika hadi milioni 300. Sasa huyo wa milioni sita ndiye anayefunga kioo awashe kiyoyozi! Kuanzia Mlandizi mpaka karibu na Chalinze nilisafiri gizani, macho yangu yako wazi.

Chalinze nilishushwa kwa kamba nikanywa maji, nikapitishwa mbali na mishikaki. Sina la kuongeza. Baada ya Segera, ukishaiacha njia ya Tanga mkono wa kulia, trafiki mmoja alitusimamisha. Akaangalia leseni, akaangalia bima, kisha akanitupia jicho. "Na huyu mzee, kadi yake iko wapi?" Alikuwa anatania, lakini Mama akafungua pochi akamtolea kadi yangu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Trafiki aliisoma kuanzia juu mpaka chini, akapiga saluti. Kadi hiyo inasainiwa kila mwaka. Mtaani kwetu hatusahau, kwani ikikaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu wa mifugo hupita wakitangaza. Ishikeni hiyo kadi akilini, nitairudia.

Pale Mombo unaiacha barabara kuu, unaanza kupanda Usambara. Kilomita zaidi ya 30 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Masikio yanaziba, unapiga miayo yanazibuka, yanaziba tena. Joto la mkonge linabaki chini, inaingia baridi yenye harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Karibu na maporomoko ya Soni, Baraka, ndugu yake Neema, alitapika. Mimi sikutapika. Naomba hilo liandikwe vizuri.

Basi tukafika. Dada wa mapokezi akatoka na tabasamu. "Karibuni, poleni na safari." Mlango wa nyuma ukafunguliwa, nikaruka chini, tabasamu likapungua.

"Ah, kumbe mbwa kweli."

"Si nilikwambia kwenye simu, dada?" Baba akasema.

"Ulisema, baba. Ila wengi wanakuja na vile vidogo vya kubeba mkononi."

Akatupeleka nyuma ya jiko akatuonyesha banda. Lilikuwa la kuku, na kuku wenyewe hawakuwa wameondoka zamani. Ndani kuna mnyororo na kipande cha boksi. Mama Neema akakunja mikono. "Tangazo lenu limesema mbwa wanakaribishwa."

"Ndiyo, mama, amekaribia. Hili hapa banda. Ada yake ni elfu kumi kwa usiku."

Elfu kumi! Kimara kwa hela hiyo nakula dagaa mpaka nasahau jina langu. Wakavutana, meneja akaitwa, wakafikia mwafaka: chumbani ruksa mpaka saa nne usiku, baada ya hapo barazani. Ada ikabaki palepale. Hapa ndipo nilipoanza kuielewa sehemu hii. Kwa aliyeandika tangazo, kumkaribisha mbwa ni kutomfukuza. Kila zuri nililolipata mle lilitoka kwa mtu ambaye tangazo lile halikumhusu.

Chumba sasa. Sakafu ya saruji, imepakwa nta nyekundu na kusuguliwa mpaka balbu ya dari unaiona chini. Wanadamu waliisifu. Mimi nilipoingia miguu ya mbele ilikwenda kushoto, ya nyuma ikakataa kuifuata, nikafika kitandani kwa tumbo. Baraka alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kuteleza si neno. Mbwa akiingia mahali pageni ananusa kwanza apate habari: nani alilala hapa, alikuwa mzima au mgonjwa, aliogopa nini. Nikanusa chini ya kitanda: nta. Pembeni ya kabati: nta. Nyuma ya mlango, ambako hata mama mwenye nyumba mkali hafiki na tambara: nta. Ni kama kupewa gazeti lililomwagiwa wino. Nilichoambulia ni mguu wa kiti cha barazani, ambao ulinieleza habari za mbuzi mmoja na mgeni aliyekuwa akila karanga. Vidole vyangu vikawa vyekundu, vikaenda kwenye shuka jeupe, na mazungumzo yaliyofuata kati ya Mama na mapokezi sitayaweka hapa.

Ukienda na mbwa, beba mkeka au blanketi kuukuu lenye harufu ya kwenu.

Jikoni kuna mama mmoja wa makamo, Msambaa, mtu wa swala tano na ushungi wake. Siku ya kwanza alisema wazi, bila hasira, kwamba mimi asinikaribie. Chombo kikilambwa na mbwa kwake huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na vyombo vya wageni vinamtosha. Mimi nililiona hilo ni jambo la kawaida. Kimara nimelelewa kati ya watu kama yeye, na najua kujisogeza pembeni mtu akiwa njiani kwenda msikitini.

Akanitengea bakuli. La bati, la bluu, rangi imebanduka ukingoni, akaliweka juu ya jiwe karibu na bomba la nje, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Chakula alikimimina kwa upawa mrefu kutoka juu, amesimama mbali, kanga ameikusanya kwa mkono wa kushoto. Hakumwaga hata tone. Ugali na supu ya mifupa ya ng'ombe, imepoa kiasi. Neema alimwendea akamwamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akamwambia nisiwekewe kitunguu kwa sababu kinaharibu damu ya mbwa, wala mfupa wa kuku uliopikwa kwa sababu unapasuka vipande vyenye ncha. Bibi akamtazama, akanitazama. "Marahaba. Kumbe naye ana masharti." Baada ya hapo hakuna kitunguu kilichonifikia. Kulikuwa na wageni pale waliniita "mtoto mzuri", wakanikuna kidevu, wakanirushia kipande cha keki ya chokoleti ambacho Mama alikiwahi kabla yangu. Chokoleti ni sumu kwetu. Yule asiyenigusa ndiye aliyenilisha salama.

Maji yalikuwa tatizo. Bakuli la maji liliwekwa ambako mbuzi wanapita, na mbuzi hawana aibu.

Gesti nayo ina kibao cha MBWA MKALI. Mhusika ni bibi mmoja mnene aliyebakiwa na meno machache, anayelala chini ya mti wa mapeasi na kubwekea pikipiki baada ya pikipiki kupita. Tulizungukana, tukanusana, tukagawana eneo: mti wake, geti langu mchana. Hakuna aliyepata jeraha. Uzio wa nyuma ni wa matete, una tundu ambalo mbuzi wanalitumia kama mlango. Mbwa mwenye tabia ya kuzurura usimwachie pale hata dakika.

Matembezi sikuyasahau. Msitu wa Magamba sikupelekwa, Baba alisema mle kuna mbega na hataki kesi. Irente nilikwenda, kamba imefupishwa kwa sababu mwamba unaishia ghafla na chini ni shimo hasa. Watu walisimama ukingoni wakipiga picha tambarare yote ya Mazinde na Mombo, wanasifia kijani. Macho yangu hutofautisha bluu na manjano, kijani na nyekundu vinanichanganya, kwa hiyo niliwaachia hayo. Mimi nilipata upepo. Ulikuwa unapanda kutoka chini ukiwa na joto, umebeba mkonge, vumbi la reli, ng'ombe waliokunywa maji muda si mrefu, na mtu fulani anayekaanga vitumbua. Nilikaa kitako nikafumba macho. Baba akaniuliza kama nimechoka.

Sasa usiku. Lushoto iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni baridi yake haina huruma kwa mbwa wa Dar mwenye manyoya ya kuhesabika. Saa nne ilipotimu nilitolewa barazani kama tulivyokubaliana. Boksi lile la banda la kuku lilikuwa limenifuata. Nilikuwa nimeanza kutetemeka, najipanga kulia ili Neema aamke, mlinzi akapiga mluzi kutoka getini.

Mzee huyo ana koti la jeshi lililokatika vifungo, mabuti ya mvua, rungu, na redio ndogo anayoisikiliza kwa sauti ya chini kabisa ili wageni wasiamke. Kibandani kwake kuna jiko la mkaa. Akatandika gunia pembeni ya mabuti, akalipiga kwa kiganja mara mbili, nikaelewa. Akaanza kuniongelesha Kisambaa. Sikijui, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayesimulia shamba: inapanda kwenye bei, inashuka kwenye mvua. Katikati ya habari akapitisha vidole shingoni kwangu, akasimama nyuma ya lile sikio lililolala, akamkuta kupe ambaye daktari, Mama na Neema wote walikuwa hawajamwona. Akamshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta taratibu bila kumpinda, akamtia kwenye mkaa. Kupe alilia "pa!" Alfajiri akachemsha chai ya rangi, akamega mkate, akanipa ukoko. Tulipokezana zamu. Yeye alizunguka na tochi, mimi nikazunguka na pua, na kusema kweli ukaguzi wa maana niliufanya mimi.

Asubuhi watoto walipomwamkia, "Shikamoo, babu," alijibu kisha akamwambia Baba, "Huyu si mbwa wa mnyororo, mzee." Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena lile banda.

Kadi sasa. Trafiki wa barabarani, kwa utani tu, aliiomba. Mapokezi ya sehemu inayotoza elfu kumi kwa mbwa hawakuiuliza, si siku ya kuingia wala ya kutoka. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, kwa mtu au kwa mbwa, ni nadra mno kupona, na wengi wanaokipata wameng'atwa na sisi. Pale kuna watoto, kuna bibi wa mti wa mapeasi, kuna mzee anayetia vidole shingoni kwa mbwa wa watu. Kuuliza kadi hakugharimu kitu. Kwa hilo nawakata nyota nzima.

Nyota nyingine inakwenda na banda la kuku. Zinabaki tatu, na hata hizo ni za jikoni na getini. Tungependa kurudi wakati wa mapeasi, Mama ameshasema. Meneja akiyasoma haya, ile elfu kumi ya usiku wa mbwa ampe mlinzi wa zamu.