Fremu ya "1974" niliyouziwa Milano: uzoefu wangu, na hasira bado ninazo

Nianze na nyota: moja. Nikifika mwisho huenda nikawa nimeibadilisha, maana jambo hili nimeligeuza kichwani majuma kadhaa na kila nikiligeuza naona upande mwingine.

Nimekulia Tanga, kwenye kivuli cha mwembe wa baba mdogo aliyekuwa fundi baiskeli. Kunyoosha ringi nilijua kabla ya kujua kuandika barua. Sasa naishi Milano, na nilitaka fremu ya zamani ya Kiitaliano ya kwendea L'Eroica, ule msafara wa baiskeli za zamani wa Gaiole in Chianti, huko Toscana. Kule baiskeli inatakiwa iwe ya kabla ya 1987, vishikio vya gia vikae kwenye bomba la chini, na waya za breki zipite hewani juu ya usukani.

Duka silitaji. Taa nzuri, kahawa ya bure, fremu zimetundikwa ukutani kama pembe za swala nyumbani kwa mwindaji. Niliyoipenda ilikuwa nyekundu. Ilikuwa na kibandiko cha Columbus SL, yaani mabomba mepesi ya chuma ya kampuni ya Columbus ya Italia, njiwa wake yupo (Colombo kwao ndiyo njiwa), na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "1974". Bei nayo ilikuwa kubwa, kana kwamba Eddy Merckx mwenyewe, bingwa wa mbio za baiskeli wa zama zile, ndiye aliyeiacha pale.

Nikainyanyua kidogo niitazame chini. Yule bwana akatoka nyuma ya kaunta mbio mbio: "Haiguswi!" Nikamwambia sina nia ya kuipanda, nataka tu kuipindua. Akanikagua kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akauliza: "Kwani kwenu watu wanapanda baiskeli?"

Nikanyamaza. Jibu zuri lilinijia nikiwa ndani ya tramu, kama kawaida yangu. Ningemtajia Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua ya Giro, mbio za kuizunguka hiyo hiyo Italia yao, mwaka 2022, kizibo cha prosecco, ile divai ya mapovu, kikamruka jichoni jukwaani, akalazimika kujitoa mbioni. Na 2024 akaondoka na jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya anayeongoza kwa pointi. Lakini pale dukani nilifanya upumbavu: nikalipa. Nililipa ili aone kwamba pesa ninazo. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo, na haki anayo.

Nyumbani nikailaza juu ya meza ya jikoni, nikaipindua nipendavyo.

Fremu haikuwa ya jina kubwa. Ingekuwa Colnago ningetafuta lile ua la karata, la pau, limekatwa kwenye chuma. De Rosa ana kopa yake. Hii ilikuwa ya karakana ndogo, kwa hiyo hakuna alama ya kukuongoza, unabaki wewe na chuma. Kopo la krenki lilikuwa la Kiitaliano kweli, upana milimita 70, na vikombe vyake viwili vya beringi vyote vinakazwa kwa kuzungushwa upande ule ule. Kwenye Raleigh za baba mdogo kikombe cha kulia kilikuwa kinyume, na nilichapwa kofi moja la kukumbukwa kwa kukilazimisha.

Lakini chini ya kopo hilo kulikuwa na vijiti vya kupitishia waya za gia, vimechomelewa. Matundu ya kufungia chupa, jozi mbili. Vishikizo vya waya ya breki ya nyuma, vimechomelewa juu ya bomba la juu. Mwaka 1974 vitu kama hivyo kwa kawaida vilifungwa kwa klipu. Nikapima nafasi ya gurudumu la nyuma: milimita 126. Za enzi ya gia tano zilikuwa 120. Najua mtu anaweza kuongeza vishikizo siku anapoipaka rangi upya, na fremu ya chuma unaweza hata kuitanua. Kimoja peke yake kisingenitosha. Vyote kwa pamoja? Hii ni ya mwanzoni mwa miaka ya 80, na kile kikaratasi kiliandikwa na mtu mwenye njaa.

Kisha nikaleta mlingoti wa siti. SL inachukua wa milimita 27.2. Haukuingia. Nikapaka grisi, nikauzungusha, nikautukana kwa lugha tatu, wapi. Nikaazima wa 26.8 kwa jirani, nao ukaingia kwa kujibana. Mlingoti mwembamba maana yake bomba ni nene, na bomba nene si SL. Kwa hiyo mwaka ni uongo na kibandiko ni uongo. Nikamwandikia yule bwana ujumbe mrefu, Kiitaliano changu chote kikaishia humo. Akajibu herufi mbili: "ok".

Ningeandika haya usiku ule yasingesomeka mbele ya watoto.

Kilichonichelewesha ni mzee mmoja wa jengo letu, mstaafu, ambaye ujana wake wote alichomelea fremu. Nilimshushia fremu kwenye ghala lake ili tuisengenye pamoja. Kibandiko hakukitazama hata kidogo. Aligonga bomba kwa ukucha, mwisho mmoja, katikati, mwisho wa pili, kama mama anayechagua tikiti sokoni. Akaniambia nisikilize. Katikati sauti ilikuwa nyembamba na ndefu zaidi, maana yake chuma cha bomba ni chembamba katikati kuliko miishoni, kama cha SL.

Akamulika tochi kwenye mdomo wa bomba la siti. Mdomo haukuwa duara. Mtu wa zamani aliweka mlingoti mwembamba akakaza boliti kwa nguvu zake zote, masikio ya kubania yakainamiana na mdomo ukajikunja. Mzee akaufungua taratibu, akapitisha kikwaruzo mara mbili, akanipa ule wa 27.2. Ukazama wenyewe, ukitoa pumzi ya grisi.

Hakuishia hapo. Akachomoa uma wa mbele, akaugeuza, akaniambia nichungulie ndani ya shingo yake kutokea chini. Mbavu tano za chuma zimejisokota kupanda juu, kama mikunjo ndani ya mtutu wa bunduki. "Columbus," akasema, akajifuta vidole. Halafu akachukua sindano akakwangua rangi nene pale ekseli ya nyuma inapokaa. Zikatokea herufi: C, A, M, P, mwanzo wa Campagnolo, watengenezaji maarufu wa vipuri vya baiskeli wa Italia. Kingo za vikono vinavyounganisha mabomba zilikuwa zimepigwa tupa mpaka zikawa nyembamba kama ukucha, na shaba imeenea sawasawa, hakuna mahali ilipomwagika.

Basi yule bwana alikuwa na fremu safi ukutani na hakujua ni nini. Mwaka kaubuni, kibandiko huenda kakibandika jana yake, na kwa bahati kikawa cha kweli. Nimuiteje? Mwongo aliyesema kweli bila kukusudia? Hapo nilipanda nyota tatu. Karibu nne, maana ile fremu ikishuka mlima inatulia kama maji mtungini, na kwa L'Eroica umri wake unafaa kabisa. Hiyo 1974 hata sikuihitaji.

Halafu nakumbuka "kwani kwenu" na nyota zinaporomoka zote. Angeniacha niipindue kwa dakika moja tu, ningemwonyesha mwenyewe alichonacho, na pengine angeipandisha bei. Ndiyo, hilo nalo nimelifikiria.

Fremu: nyota nne na nusu. Duka: ile moja pale pale, na hiyo ni ya kahawa, ambayo kusema kweli ilikuwa nzuri sana.