Kadi za foniksi kwa mtoto wa darasa la pili: tulivyozitumia nyumbani Wete

Kisanduku hiki cha kadi za foniksi, yaani kujifunza kusoma Kiingereza kwa kuunganisha sauti za herufi, nilikinunua Darajani nilipokwenda Unguja, shilingi 25,000, na nimekitumia na mwanangu tangu skuli zilipofungwa. Nakipendekeza, ingawa si kila kadi iliyomo inafaa.

Mwanangu Kiswahili anasoma bila ya tabu, na chuoni, kwenye madrasa ya Kurani, ameshazoea kuunganisha herufi na irabu kwa sauti kabla ya kulisoma neno zima. Kwa hiyo njia ya foniksi haikuwa ngeni kwake. Kinachomkwamisha ni Kiingereza chenyewe: herufi 26 zinabeba sauti zipatazo 44, na sauti moja huandikwa kwa njia tatu au nne. Skuli alikuwa akiyakariri maneno mazima kwa kuyatazama, na akikutana na neno jipya anasimama.

Kadi zinaanza na s, a, t, p, i, n. Kwa herufi hizo sita tu mtoto anasoma sat, pin, tap, nap, tin siku za mwanzo kabisa. Muhimu atamke sauti ya herufi, si jina lake: s ni sss, si "esi". Hapa watoto wetu wanahitaji kusimamiwa sana, maana maneno ya Kiswahili huishia na irabu, na mtoto atakusomea "tapu" bila ya kujijua. Nilimwambia afunge midomo mwisho wa tap, asiifungue mpaka nimwambie. Ilisaidia.

Nilizozipenda kuliko zote ni kadi za e ya mwisho. Unaona cap, kit, hop. Ukifunua kipande cha karatasi pembeni, e inatokea: cape, kite, hope. E yenyewe haitamkwi, lakini irabu ya nyuma yake inageuka.

"Mama, kumbe hii e inamwamrisha mwenzake!"

Akachukua kitabu chake cha skuli akaanza kuisaka kila ukurasa. Kanuni ikamkatalia kwenye have na give, na nilifurahi kwamba aliyaona mwenyewe. Kijitabu cha maelezo kinayaweka maneno hayo, pamoja na said, was na one, kwenye orodha ya kukariri tu, na ni sawa.

Imla ndiyo iliyonishangaza. Alipojua kwamba baada ya irabu fupi mwisho wa neno huandikwa ck, aliacha kuandika duk na sok. Ll na ss za bell na miss zikafuata. Th haikumsumbua hata kidogo, kwani thelathini na dhahabu anavitamka vizuri. Alihitaji kujua tu kwamba think na this zinaandikwa kwa herufi zile zile.

Uingereza tangu 2012 watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwa kusoma maneno 40, nusu yake ya kubuni, ili wasisome kwa kukumbuka. Nami nikamwandikia vap, blim na shote. Akazisoma zote.

Sasa kasoro. Kadi ya i ina picha ya igloo, nyumba ya barafu, ambayo mtoto wa Pemba haijui. Nimebandika insect juu yake. Kadi ya x ni xylophone, neno linaloanza kwa sauti ya z! Weka box. Kubwa zaidi, hakuna sauti zilizorekodiwa. Irabu zetu ni tano tu, hivyo cap na cup, ship na sheep, kwa masikio yetu hukaribiana mno. Shoga yangu anayesomesha Kiingereza alinirekodia maneno hayo kwenye simu, na bila ya yeye nusu ya kadi za irabu zisingetufaa.

Ikiwa mtoto bado anababaika kusoma Kiswahili, mwacheni amalize hicho kwanza. Na kadi zenyewe ni nyepesi, unyevu wa huku unazikunja. Zitieni plastiki kabla hamjaanza.