TAHADHARI: "Wakili" wa Kampala anayewauzia watoto wa kwenye picha watu wanaosubiri kuasili

Ndugu zangu mlioko Marekani, Uingereza na kokote mnakosubiri mtoto wa kuasili: kuna mtu anajiita wakili, anasema ofisi yake iko Kampala, na kazi yake ni kupita kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa na ya vyama vya watu wetu ughaibuni akiwatafuta walio kwenye foleni. Kiswahili chake kimenyooka, hana papara, na anasali kabla ya kuanza mazungumzo. Ameshawala wanandoa wenzetu wa Texas dola 11,350. Mnaowajua mnawajua, na hali waliyo nayo mmeiona, sirudii. Aibu hii si yao peke yao. Karatasi zake zililetwa kwetu sisi tunaojua taratibu hizi, tukazisoma, tukasema zinaonekana sawa. Hazikuwa sawa, na zilikuwa na makosa ambayo tulipaswa kuyaona kwa dakika kumi.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano usiku Texas, saa moja asubuhi Kampala. Simu ya video ikaingia bila miadi. Kwenye kioo yuko mwanamke mwenye sare ya nesi, amembeba mtoto wa kike aliyefungwa shali ya manjano. Kamera ikazungushwa taratibu: vitanda vitatu vya chuma, chandarua cha bluu kimefungwa fundo, kalenda ukutani. Sauti ya "wakili" ikasema kutoka nyuma ya simu, "Mama, mwite jina lake." Akamwita. Mtoto akageuza shingo akaitazama simu. Basi, hapo ndipo kila kitu kilipoisha. Mtoto wa miezi mitano hugeukia sauti yoyote mpya, hata ukimwita jina la jirani, lakini mtu aliyesubiri miaka minne hawazi hivyo. Anawaza kwamba ameitikiwa.

Simu ikakatika, "mtandao mbaya." Dakika chache baadaye ikaingia hati ya kurasa mbili yenye mhuri mwekundu, na ujumbe wa sauti: kuna wanandoa wa Canada wamemwona mtoto huyuhuyu, makao ya watoto yanataka jibu kabla ya saa nne asubuhi, dola 1,500 zitamshikilia. Saa nne ya Kampala ni saa nane usiku ya Texas. Benki zimefungwa, shirika la kuasilisha limefungwa, mtu wa kumwuliza amelala. Saa ile aliichagua. Ilipofika saa tano na dakika arobaini pesa ilikuwa imetumwa kwa programu ya simu, kwa jina la mtu mwingine kabisa, "karani wetu wa mapokezi."

Atakayesema walikuwa wajinga akae kimya kwanza. Mtu huyu anaijua kazi. Kabla ya kutaja senti moja aliomba nakala ya idhini yao ya I-600A, ile barua ya uhamiaji wa Marekani inayosema wanandoa wanafaa kuasili yatima kutoka nje. Alisema hapokei watu wasio na idhini, kwa kuwa hataki matatizo. Nani asingemwamini? Kumbe alichotaka ni tarehe. Idhini ile hukaa miezi 15, na yao ilikuwa imebaki mitatu. Tangu siku hiyo kila shinikizo lake lilifuata kalenda ya barua ile, na kila mara alijua siku zilizobaki kuliko wenyewe.

Aliwaambia pia mambo mengi ya kweli, na hilo ndilo linaloumiza. Kwamba Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake Novemba 2014. Kwamba Kongo ilizuia vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa tangu Septemba 2013. Kwamba Ethiopia ilifunga Januari 2018, na China ikatangaza kufunga Septemba 2024. Kwamba Tanzania humtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Yote sahihi. Watoto walioingia Marekani kwa kuasiliwa kutoka nje walikuwa karibu 23,000 mwaka 2004. Mwaka 2023 hawakufika 1,300. Watu wanasubiri mpaka wanazeeka. Akishakuorodheshea milango iliyofungwa, na wewe unajua kila mmoja kweli umefungwa, anakuambia, "Uganda bado." Unamwamini hata kabla hajaeleza.

Na faili lake lilikuwa na karatasi zilezile ambazo faili halisi la Uganda huwa nazo: barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, taarifa ya polisi ya mtoto kuokotwa, ripoti ya afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, amri ya mahakama ya kumweka mtoto kwenye makao, cheti cha kifo cha mama. Tulihesabu karatasi, tukaona zimetimia. Kosa letu liko hapo: tulihesabu, hatukuzisoma pamoja. Taarifa ya polisi inasema mtoto aliokotwa kando ya barabara, wazazi hawajulikani. Mama asiyejulikana anapataje cheti cha kifo chenye jina lake? Ni kimoja au kingine. Aliweka vyote viwili kwa sababu anajua fasili ya yatima katika sheria ya Marekani ina njia zaidi ya moja, ya mtoto aliyetupwa na ya aliyebaki na mzazi mmoja tu asiyeweza kumtunza, akataka kuziba zote kwa mpigo.

La pili ni kubwa zaidi. Karatasi aliyoiita "amri ya mwisho" ilikuwa ya ulezi wa kisheria, imesainiwa na hakimu mkuu. Zamani Wamarekani wengi walipita njia hiyo: wanapata ulezi Kampala, wanaondoka na mtoto, wanaasilia kwao. Sheria ya Watoto ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016 na mlango huo ukafungwa, ulezi wa kisheria ukabaki kwa raia wa Uganda. Mgeni anaasili tu, na kesi yake inasikilizwa Mahakama Kuu. Hakimu mkuu anasikiliza pale ambapo mwombaji na mtoto wote ni raia. Kuzaliwa kwako Mombasa au Bukoba hakubadilishi kitu. Mbele ya sheria ile wewe ni mgeni. Tena mgeni anatakiwa awe ameishi Uganda mwaka mmoja na amemlea mtoto mwenyewe mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii. Mahakama inaweza kulegeza muda kwa sababu za pekee, lakini hakuna mahakama inayomkabidhi mtoto mtu ambaye hajawahi kushuka Entebbe. Wenzetu hawakuwahi kushuka.

Pesa zilitoka hivi. Dola 1,500 za kumshikilia. Dola 2,800 za "mahakama na wakili." Dola 3,200 za malezi ya miezi minne, wakati mtoto mwenyewe alikuwa na mitano. Dola 1,950 za hospitali, usiku mmoja, nimonia, na picha ya mkono mdogo wenye sindano ya dripu, uso hauonekani. Dola 1,900 za pasi na "kibali cha kutoka." Mara tano, majina matano ya wapokeaji, hakuna hata moja lililokuwa la huyo wakili wala la ofisi. Risiti moja tu iliyotoka kwake, nayo haina namba.

Mambo yaliharibika pale yule dada wa Texas alipomwomba "wakili" amuunganishe na afisa wa ustawi wa jamii aliyeandika ripoti. Akapewa namba, aliyepokea hakujua jina la wilaya iliyo juu ya barua yake mwenyewe. Dada akatafuta namba ya ofisi ya wilaya kwa njia zake, akapiga. Afisa wa jina hilo hayupo na hajawahi kuwapo. Tukaitafuta picha ya kwanza ya mtoto kwenye intaneti: imo kwenye ukurasa wa kituo cha watoto cha nchi nyingine, iliwekwa miaka mitatu iliyopita. Yule wa kwenye picha sasa anakimbia.

Lakini yule wa kwenye simu ya video hakuwa picha. Alikuwa mtoto hai, alipumua, aligeuka. Ni wa nani? Mama yake anajua kwamba alibebwa saa moja asubuhi akaonyeshwa kwa wageni kama nguo sokoni? Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Msifikiri mambo haya ni ya matapeli wa vichochoroni tu. Desemba 2016 serikali ya Marekani iliifungia kwa miaka mitatu kampuni ya European Adoption Consultants ya Ohio, na Februari 2017 FBI wakaingia ofisini kwake. Agosti 2020 Marekani ikawawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mwenzake, kwa mtandao uliowachukua watoto vijijini kwa kuwadanganya wazazi kwamba wanapelekwa shule, kisha kuwapitisha mahakamani kama yatima. Watoto wale walikuwa na wazazi. Huyu wetu amekula pesa bila kumtoa mtoto. Angemtoa, ingekuwa mbaya zaidi.

Nataka akamatwe. Nataka yule nesi akamatwe, na waliochukua pesa kwa majina yao wafuatwe mmoja mmoja, maana kila anayechukua pesa ya kutumwa huonyesha kitambulisho. Kama kweli ni wakili, jina lake litafutwe kwenye orodha ya mawakili wa Uganda na leseni yake iondolewe. Kama si wakili, hilo nalo ni kosa jingine. Uganda ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu tangu mwaka 2009, na aliyeathirika akiwa mtoto adhabu zake hazina mchezo. Atumikie. Asiachiwe kwa faini, asirudishe nusu ya pesa tukaambiwa yameisha. Malalamiko yameshafikishwa kwa kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni na kwa polisi wa upelelezi Kampala. Mwingine aliyepigwa na mtu huyu naye apeleke yake, hata kama alipoteza dola 50, hata kama anaona haya. Lalamiko moja huwekwa kabatini. Yakiwa kumi yanayotaja sauti ileile, mtu anatumwa.

Kwa walio katikati ya mazungumzo naye sasa hivi: kama umetuma pesa kutoka Marekani kwenda nje na haijachukuliwa, una dakika 30 za kuifuta na kurudishiwa yote. Zikipita, piga simu kampuni iliyotuma saa hiyohiyo uwaambie ni utapeli, usisubiri asubuhi. Kama ulimpa nakala ya idhini, waarifu uhamiaji na shirika lako, karatasi ile ina jina lako, anwani na namba ya faili, na anaweza kuitumia kumwonyesha mwingine kwamba "nimeshawasaidia hawa." Usifute mazungumzo kwa hasira. Hifadhi na sauti zake.

Dalili zake, kwa haraka: hupiga usiku wenu. Mpokeaji wa pesa habaki yuleyule. Daima kuna wanandoa wengine wanaomtaka mtoto huyo. Hataki shirika lenu lijue, anasema "mtalipa mara mbili". Na hapo mngemkamata mapema, maana tangu Julai 14, 2014 sheria ya Marekani inataka shirika lililoidhinishwa lisimamie kila hatua, hata kwa nchi kama Uganda ambayo haimo kwenye Mkataba wa The Hague, ule wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Anayekutafutia mtoto nje ya usimamizi wa shirika lako anakuharibia faili hata kama mtoto ni wa kweli. Ukimwomba namba ya kesi ya Mahakama Kuu anatuma picha ya mtoto. Ukimwambia unakuja Kampala mwenyewe, mtoto anaugua.

Jina ameshabadilisha mara mbili. Namba ya mwanzo ilikuwa ya Uganda, ya sasa ni ya Kenya. Sauti ni ileile, nzito kidogo, na husema "mpendwa" kila baada ya sentensi.

Na ninyi mlioko Kampala na pembezoni mwake, mnaofanya kazi kwenye vituo vya afya na makao ya watoto: chumba kina vitanda vitatu vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe, dirisha la vioo vidogo upande wa kulia, chandarua cha bluu, kalenda ya duka la dawa ukutani. Mtoto ana alama nyeusi ndogo chini ya sikio la kushoto. Anayekijua chumba hicho, au anayemjua mama wa mtoto huyo, aseme.