Bendi za Kopi: Msikilize Mpiga Rizimu Kabla ya Mwimbaji

Mwezi wa Juni mwaka jana baba yetu alitimiza miaka 75, na sisi watoto wake tulikubaliana kwamba badala ya kumletea dijei na spika zake tungemkodia bendi. Sharti letu lilikuwa moja tu, kwamba bendi hiyo iweze kupiga nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya dansi ya Morogoro Jazz. Mzee alikulia Morogoro, na mwaka 1970, Morogoro Jazz ilipokwenda Osaka nchini Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70, yeye alikuwa kijana wa miaka 20 ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, nusu ya mshahara wake ilikuwa ikiishia kwenye viingilio vya dansi. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa tarehe 12 Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, kwa hiyo tulichokuwa tukikitafuta ni kile ambacho wanamuziki wenyewe hukiita bendi ya kopi, yaani bendi inayopiga nyimbo za wengine.

Bendi tuliyoipata sitaitaja jina, kwa kuwa nitakayoyasema si yote mazuri, na pia kwa kuwa tangu siku hiyo nimeisikiliza tena mara moja, nikasikiliza na nyingine mbili, nikagundua kwamba tabia zao zinafanana mno kiasi kwamba jina lisingemsaidia sana msomaji. Bei ilikuwa shilingi 1,800,000 kwa saa nne, wanamuziki saba, vyombo vyao wenyewe, usafiri na chakula juu yetu. Nilipouliza kama bei hiyo inajumuisha mpuliza saksafoni, kiongozi wa bendi alinijibu kwamba kinanda kinafanya kazi zote. Jibu hilo lilitosha kunipa wasiwasi, lakini siku zilikuwa zimebaki chache na kadi zilikuwa zimeshasambazwa.

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, zinapopiga nyimbo zao za miaka ya nyuma hazipigi kopi, hata kama wengi waliozirekodi wametangulia mbele ya haki. Wimbo umerithiwa ndani ya nyumba: mwimbaji kijana alisimama pembeni ya mkubwa wake, akaitikia viitikio kwa miaka mingi, ndipo siku moja akaachiwa ubeti. Bendi ya kopi haina nyumba ya namna hiyo. Imejifunza kwa kanda, na siku hizi kwa simu, na ikikosea hakuna mkubwa wa kuikalia kooni. Kwingineko duniani biashara hii imekuwa ya kumwiga mtu mmoja tu au kundi moja tu. Bjorn Again, iliyoanzishwa Melbourne nchini Australia mwaka 1988, imejijengea jina kwa kuwaiga ABBA, kundi la Sweden, kuanzia mavazi hadi lafudhi ya Kiswidi. Kwetu sijamwona anayevaa kama Mbaraka. Bendi ile ile itapiga Mbaraka, itapiga Marijani Rajab, itapiga Salum Abdallah, itaingia kwa Franco wa Kongo, na mama mwenye shughuli akiomba wimbo wa kukata keki atapigiwa.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Mpiga rizimu, yaani gitaa la kusindikiza, alikuwa mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki huku wenzake wote wamesimama, na kilichokuwa kikigusa nyuzi mkononi mwake kilikuwa kipande cha pembe tatu alichokikata kutoka kwenye kadi kuukuu ya laini ya simu. Sikumtazama. Nilikuwa nikimtazama mwimbaji, ambaye sauti yake kweli ilikaribia ya Mbaraka, na mpiga solo, kijana hodari aliyejua kwamba ni hodari. Baba ndiye aliyenigusa bega katikati ya wimbo wa pili na kuninong'oneza, "Huyo aliyekaa ndiye bendi. Hao wengine wamemsindikiza."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyefurahi, lakini nilipoanza kusikiliza kwa sikio hilo nikaelewa. Katika dansi la miaka ile magitaa hayakuwa yakipiga kitu kimoja. Solo lilikuwa na maneno yake, solo la pili lilikuwa na yake, rizimu na besi vivyo hivyo, na kila moja liliacha upenyo ili jingine lipite, kama miyaa inavyopishana katika ukili wa mkeka. Mzee yule alikuwa na kifungu kimoja kifupi cha nota sita au saba ambacho alikirudia bila kukibadilisha kwa dakika nyingi, na mara moja moja alikuwa akikichelewesha kidogo sana, nusu ya kupepesa jicho, na papo hapo viuno vya watu ukumbini vilikuwa vikijibu bila wenyewe kujua wameitwa na nani. Bendi nyingi za kopi huliacha gitaa hilo liwe la kukwangua tu, juu chini, juu chini, ili kujaza nafasi. Mbaraka alikuwa mpiga solo na mwimbaji kwa pamoja, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu anayetaka kumwiga hutafuta kwanza koo na vidole vya solo, kisha waliobaki huwachukua popote.

Ushahidi niliupata Januari mwaka huu, bendi hiyo hiyo ilipopiga usiku wa kumbukumbu ya Mbaraka kwenye baa moja ya jijini, kiingilio shilingi 10,000. Mwimbaji alikuwa yule yule na mpiga solo yule yule, ila mzee wa rizimu hakuwapo, na kwenye nafasi yake alisimama kijana mwenye gitaa zuri la rangi nyekundu aliyekuwa akikwangua. Nyimbo zilikuwa zile zile zilizowainua wazee kwenye sherehe yetu, na watu walikaa vitini, wakachezesha vichwa, wakaendelea na nyama choma.

Lililo bora zaidi katika bendi hizi, na ambalo sahani ya santuri haiwezi kulitoa, ni urefu wa wimbo. Sahani ndogo za santuri za mizunguko 45 zilibeba dakika chache kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati huo zilikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na msikilizaji alilazimika kuinuka kuigeuza sahani wakati chemko, ile sehemu ya kucheza, linaanza kunoga. Anayezitafuta leo mtandaoni mara nyingi hukuta nusu ya wimbo bila nusu nyingine. Ukumbini nusu hizo zilikutana tena. Wimbo wa Mbaraka kuhusu shida za dunia, ambao nimeusikia redioni tangu utoto, bendi iliupiga kwa dakika 14, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba sehemu ya kuimba ilikuwa mlango tu wa kuingilia kwenye sehemu ya kucheza. Besi nayo, ambayo kwenye rekodi za zamani husikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani, niliisikia ikitembea yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa mambo hayo mawili tu fedha yetu haikupotea.

Jambo jingine ni wachezaji. Mama yangu mkubwa, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akitembea kwa mkongojo, aliuegemeza mkongojo huo ukutani na kucheza wimbo mzima akiwa ameshikilia mgongo wa kiti. Dijei angempigia rekodi yenyewe halisi na asingeinuka. Nina hakika, kwa sababu kwenye harusi zote za ukoo hupigiwa na hainuki.

Udhaifu wa kwanza ulikuwa ule niliouhofia, kinanda. Tarumbeta la kinanda lina pumzi isiyokwisha, na hilo ndilo kosa lake. Mpulizaji wa kweli hupungukiwa, huvuta hewa, hukatisha sentensi yake mahali ambapo kifua kimemwamuru, na waliopanga muziki ule waliipanga mianya hiyo ndani ya wimbo ili solo lijibu. Kinanda hakina kifua. Kilimimina sauti kama bomba lililopasuka, na mpiga solo akawa anamjibu mtu ambaye hajanyamaza. Ningekubali mara mia nyimbo zipigwe kwa magitaa matupu kuliko kwa tarumbeta la kubonyeza.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, ingawa asiyekulia na muziki huu anaweza kuupita bila kuuona. Kila bendi ya zamani ilikuwa na mtindo wake na ilijivunia jina la mtindo huo: Morogoro Jazz na Sululu, Western Jazz na Saboso, Atomic ya Tanga na Kiweke, NUTA na Msondo, na Mbaraka mwenyewe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano alihama na mambo yake mapya. Mashabiki waligombana kwa ajili ya majina hayo kama wanavyogombana leo Simba na Yanga. Bendi za kopi nilizozisikia, zote tatu, zimeyapika hayo yote katika chungu kimoja. Mpiga drams ana pigo moja la rumba alilolizoea, na kila wimbo, uwe wa Tabora au wa Tanga, hupitishwa kwenye pigo hilo. Baada ya saa ya pili baba alianza kuuliza huu ni wa nani, na si kwamba alikuwa amesahau.

Kuhusu mwimbaji sina mengi. Alisoma mashairi kwenye simu, na simu ilipozimika mwanga aliimba ubeti wa kwanza mara mbili. Mahali ambapo Mbaraka alimtaja mtu, yeye alimtaja shemeji yetu aliyekuwa ametoka kumtunza noti ya 10,000 kwenye paji la uso. Kutunza ni desturi ya zamani na mwanamuziki anaistahili, lakini ipo nafasi yake kwenye chemko, wakati wa majina na vijembe. Kulipachika jina la mteja katikati ya ubeti wenye maombolezo ni kuukosea adabu wimbo. Sauti ya spika ilikuwa kubwa kuliko ukumbi, na tuliomba ipunguzwe mara tatu.

Lipo pia suala ambalo waalikwa hawalioni. Tulipokuwa tukimalizia malipo nilimuuliza kiongozi wa bendi kama familia za watunzi hupata chochote. Alicheka kwa upole akasema, "Marehemu hadai, ndugu yangu." Kisheria marehemu anadai. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao unalinda kazi ya mtunzi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake; kwa Mbaraka, aliyefariki 1979, ulinzi huo unafika angalau mwisho wa mwaka 2029. Tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na tunayo COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki. Hata hivyo sina haki ya kumnyooshea kidole peke yake, kwa sababu mimi niliyekodi bendi niliulizia saksafoni, usafiri na idadi ya sahani za pilau, na swali hili nililikumbuka baada ya watu kuondoka.

Wako wanaosema kwamba bendi za kopi zinaua utunzi mpya. Sikubaliani nao moja kwa moja. Bendi ya Salum Abdallah, iliyokuwa mpinzani wa Morogoro Jazz katika mji ule ule, ilijiita Cuban Marimba, na jina hilo linatosha kueleza vijana wale walikuwa wakisikiliza sahani za wapi walipoanza. Kuiga ilikuwa shule, na kutoka humo zikaja nyimbo zao ambazo leo na zenyewe zinaigwa. Tatizo la bendi za sasa ni kwamba shule haina mahafali. Kati ya tatu nilizozisikiliza, ni moja tu iliyopiga wimbo iliyoutunga yenyewe, tena ilifanya hivyo saa mbili usiku, wahudumu wakiwa bado wanapanga viti. Ulikuwa wimbo mzuri. Baadaye nilimuuliza mwenye baa kwa nini hawaupigi ukumbi ukijaa, akaniambia wateja wake hulipia wanachokijua.

Kwa anayefikiria kukodi, ushauri wangu ni kwamba aende kwanza kuisikiliza bendi mahali inapopiga kila wiki, wala asiridhike na video ya dakika moja inayotumwa kwa simu, kwa kuwa video hiyo daima humwonyesha mwimbaji. Aombe nyimbo mbili za bendi mbili tofauti, moja ya Sululu na moja ya Msondo kwa mfano, asikilize kama drams zinabadilika. Na alipe gharama ya mpuliza saksafoni hata kama itabidi apunguze soda.

Sisi tumekwisha kuweka oda ya bendi ile ile kwa harusi ya mdogo wangu mwezi wa Desemba. Bei sasa ni shilingi 2,200,000 pamoja na saksafoni moja, malipo ya awali nusu, na kwenye karatasi ya makubaliano nimeongeza kwa mkono, na kiongozi wa bendi ameweka sahihi, kwamba mzee wa rizimu asipofika salio halitalipwa.