Uzoefu wangu wa miaka mitatu na Dovecot kwenye seva ya baruapepe ya ofisi

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikisimamia seva ya baruapepe ya ofisi yetu yenye wafanyakazi wapatao 20, na kazi ya kuwafikishia barua zao kwenye kompyuta na simu nimeikabidhi Dovecot, programu huria ambayo Timo Sirainen wa Finland aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Kuisakinisha kwenye Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, hakukunichukua hata robo saa. Kuielewa ndiko kulikonichukua muda.

Siku ya kwanza kila mtu aliingia kwa nenosiri lake bila shida, lakini masanduku yote yalikuwa matupu, ilhali Postfix, programu inayopokea na kutuma barua kwenye seva, ilionyesha kwamba barua zinapokelewa. Kumbe Postfix nilikuwa nimeielekeza iweke barua kwenye Maildir, yaani kila barua na faili lake, huku Dovecot ikizitafuta kwenye mafaili ya mbox, ambamo barua zote za sanduku hukaa ndani ya faili moja, chini ya /var/mail. Amri ya doveconf -n, ambayo huonyesha tu mipangilio iliyotofautiana na ile ya asili ya programu, ndiyo iliyonifichulia jambo hilo, na kurekebisha mstari mmoja wa mail_location, unaoonyesha barua zilipo, kulitosha.

Tatizo lililonisumbua zaidi lilihusu anwani yetu ya maulizo ya wateja, ambayo hufunguliwa na kompyuta nne kwa wakati mmoja. Mbili za kwanza ziliingia vizuri kila asubuhi, zilizofuata zikakataliwa. Nilibadilisha nenosiri, nikaishuku ruta, nikakagua hata cheti cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kwenye poti 993, na ninasikitika kwamba sikuanzia kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, kwa sababu humo Dovecot ilikuwa imeandika waziwazi kuwa miunganisho ya mtumiaji huyo kutoka anwani hiyo moja ya IP imevuka kiwango. Kiwango cha asili ni 10. Thunderbird, programu tunayosomea barua, kwa kawaida hufungua hadi miunganisho 5 kwa kila akaunti, nasi sote huingia kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP, kwa hiyo kompyuta mbili tu zaweza kukimaliza. Niliongeza mail_max_userip_connections hadi 40, nikapakia mipangilio upya, na malalamiko yakakoma siku hiyohiyo.

Lawama yangu kubwa ni kuhusu toleo la Dovecot 2.4 la mwaka 2025, ambalo halikubali mipangilio ya 2.3. Hata mail_location imeondolewa, na badala yake kuna mail_driver na mail_path. Anayehama kutoka Debian 12 kwenda 13 bila kujua atakuta huduma imegoma kuwaka. Nilitumia jioni mbili kuandika mipangilio upya kwenye mashine ya majaribio kabla sijaigusa seva ya ofisi. Barua zenyewe hazikuhitaji kubadilishwa chochote. Zilibaki kwenye Maildir zilezile, na asubuhi yake wenzangu walizikuta zote.