Hali Fiche ya Chrome: inakuficha kwa nani?

Ile alama ya kofia na miwani ya Hali Fiche imewapoteza wengi. Mtu akishabonyeza "Kichupo fiche kipya" anajiona kama kavaa joho la kutoonekana, kumbe Hali Fiche, iliyokuja na Chrome tangu 2008, ina kazi moja tu: ukimaliza na kufunga, kivinjari hakibaki na historia, vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziweka ili zikukumbuke) wala ulichojaza kwenye fomu. Inakuficha kwa anayeshika simu au kompyuta baada yako. Kazi hiyo inaifanya vizuri, na kwenye kompyuta ya saiba au simu ya kuazima ni afadhali uwe nayo kuliko kuikosa.

Lakini neno "kufunga" ndipo watu wanapoponzwa. Vichupo fiche vyote vilivyo wazi hutumia kikao kimoja. Ukiingia Gmail kwenye kichupo kimoja, ukakifunga, ukaacha kingine fiche kikiwa na matokeo ya mpira, hujatoka. Anayekuja baada yako akiandika anwani ya Gmail humo humo ataliona sanduku lako la barua. Kwenye kompyuta funga madirisha fiche yote. Kwenye Android shusha arifa ya Chrome ubonyeze ile ya kufunga vichupo fiche vyote. Ukipenda kuviacha wazi, ingia Mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, uwashe kufuli ya vichupo fiche: ukitoka kwenye Chrome na kurudi, itadai alama ya kidole au namba ya siri ya simu. Haijiwashi yenyewe.

Tatizo la pili la saiba ni faili. Ukipakua cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) au fomu ya mkopo ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi Tanzania) ili uchapishe, PDF hiyo inabaki kwenye folda ya vipakuliwa hata ukifunga kila kitu, na programu iliyoifungua huenda ikaliweka jina lake kwenye orodha ya faili za karibuni. Ukishachapisha, ichague ubonyeze Shift na Delete kwa pamoja, isipitie kwenye pipa la taka. Uliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta hiyo, usitegemee kufunga dirisha: chukua simu yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe kifaa hicho. Na kama mashine imewekewa programu ya kunasa kila unachoandika, Hali Fiche haina dawa. Nywila ya benki usiiandike pale.

Ukitoka nje ya mashine, kofia inadondoka. Kampuni ya simu inayokuuzia bando inaona unakwenda tovuti gani. Kwa tovuti yenye https, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, inaona jina, mathalani sw.wikipedia.org, ila haioni makala unayosoma. Mwenye Wi-Fi ya hoteli au ofisi yuko hivyo hivyo, na kompyuta ya kazini huweza kuwa imesanidiwa na mwajiri ili aone zaidi ya hapo. Tovuti yenyewe inapata anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, na inaweza kukutambua kwa ukubwa wa skrini, fonti na saa za eneo. Ukiingia kwenye akaunti ya Google ndani ya Hali Fiche, unayotafuta huweza kuandikwa kwenye akaunti hiyo kama kawaida.

Jambo hili lilifika mahakamani Marekani. Kesi dhidi ya Google, wenye Chrome, ilifunguliwa California mwaka 2020, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 kampuni ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi za watumiaji wa hali hiyo. Maelezo yanayotokea ukifungua kichupo fiche nayo yakabadilishwa: sasa yanakiri kwamba tovuti na huduma zinazozitumia, Google ikiwemo, zinaendelea kukusanya data. Ni ajabu kwamba kisanduku hicho ndicho watu hukiruka bila kukisoma.

Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, huzimwa ndani ya Hali Fiche hadi uviruhusu mwenyewe, na usiviruhusu ovyo. Kiendelezi kinachosoma kurasa zako hakijui siri. Kibodi nayo: Gboard, kibodi ya Google, huacha kujifunza maneno ukiwa fiche, lakini si lazima kibodi nyingine ifanye hivyo.

Kwa kulinganisha, Chrome ndiyo ya mwisho kati ya vivinjari vitatu maarufu. Inazuia vidakuzi vya watu wa pembeni, yaani vya tovuti nyingine mbali na uliyoifungua. Firefox kwenye dirisha la faragha huzuia vifuatiliaji vingi zaidi. Safari tangu toleo la 17 la 2023 hukata vipande vya ufuatiliaji kwenye viungo na kufunga vichupo vya faragha kwa uso au kidole. Hali ya faragha ya kila moja, peke yake, haifichi IP yako kwa tovuti zote. Anayehitaji hilo apakue Tor Browser, kivinjari kilichoundwa kuficha IP, ipo ya Android bila malipo. Ni nzito, itakulazimisha mara kwa mara kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na ukiingia humo kwa akaunti yenye jina lako umejitaja mwenyewe.