Viatu vya lofa vizuri, muuzaji hapana

Kuwinda viatu vya bei poa mtandaoni ni raha yangu kubwa. Usiku watoto wakishalala naingia Instagram, napitia kurasa za wauza mitumba wa Karume na Kariakoo mmoja baada ya mwingine. Kinachonipa raha ni lile neno "pea moja tu, wahi". Kiatu cha ngozi halisi, kimeshonwa kwa uzi, dukani ungetajiwa laki na zaidi, mtu anakiuza elfu 35, na wewe ndiye wa kwanza kuandika "nachukua". Hapo usingizi wote unakata.

Ndivyo nilivyozipata lofa nyeusi, vile viatu vya kuchomeka visivyo na kamba, kwa huyu dada muuzaji, juzi kati mvua zilipoanza. Soli nene, ngozi inang'aa, maandishi ya ndani hayajafutika hata kidogo, maana yake hakuna aliyewahi kuzivaa. Bei hakuweka, ni yale yale ya "njoo DM". Nikaenda. Nikamwandikia kwa adabu: "Habari dada, naomba unipimie urefu wa ndani kwa sentimita, na unipigie picha ya soli kwa karibu." Mnunuzi yeyote wa mtumba anauliza hivyo, kwa sababu 39 ya kampuni hii na 39 ya kampuni ile hazilingani, na namba 6 ya Uingereza si 6 ya Marekani.

Akajibu: "Dada unanunua au unanihoji? Kama hela huna waachie wenye nazo."

Nililipa elfu 35, kwa sababu viatu nilivitaka. Lakini maneno yale yalinikaa rohoni.

Boda ilifika siku ile ile. Nikavaa, vikanikaa sawasawa, na nikiri nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu. Wiki haikuisha. Nashuka mwendokasi Kivukoni asubuhi, nahisi kisigino kinazama. Kugeuka, nyuma yangu njia nzima kuna vipande vyeusi kama chenga za mkaa. Nikaingia ofisini nikiburuza mguu.

Fundi viatu alibonyeza soli kwa dole gumba, likazama. "Dada, hii imekufa zamani. Hata gundi haitashika." Akanieleza nilichokuja kukisoma baadaye: soli za poliyurethani, aina ya plastiki nyepesi, huharibiwa na unyevu wa hewani. Kiatu kikikaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa, tena kwenye joto, soli inaoza kwa ndani huku juu bado kinaonekana kipya. Kwa hiyo ule upya nilioupenda ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe! Na muuzaji, ambaye kazi yake ni viatu kila siku, angebonyeza mara moja tu angejua. Ndiyo maana niliomba soli, jamani. Soli!

Nikamtumia picha. "Mali ikishatoka hairudi." Halafu akanibloku.

Nilikuja hapa kuandika msinunue kwake kabisa. Lakini haki yake nimpe: ngozi ya juu ni nzuri mno, picha zake hazidanganyi rangi, na fundi amenibandikia soli mpya ya mpira na kuishona pembeni kwa elfu 20. Elfu 55 jumla, na kazini wananiuliza nimevitoa wapi. Kwa bei hiyo bado nimepata viatu. Pengine nyota tatu zingemtosha.

Hapana. Nikikumbuka "kama hela huna" damu inanichemka upya. Hela nilikuwa nayo, na aliipokea kabla hata sijaona kiatu. Mteja anayeuliza sentimita anakuepusha na hasara ya kurudishiana mizigo, na wewe unamtukana umaskini wake ambao hata huujui? Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana wa boda aliyesubiri getini nikijaribu viatu, akasema, "Usiwe na haraka dada yangu, hakikisha kwanza."